Wapangaji Niliowaondoa kwa Ajili ya Matanga Yako

Mama Yona,

Jana karani wa manispaa alikuja tena. Nilimsikia akibisha, nikakaa kimya jikoni kama mwizi, mimi mwalimu mzima. Ungecheka, kisha ungenikaripia: "Mwalimu, usimkimbie mdai. Atarudi na askari."

Acha nikueleze kwa utaratibu. Unakumbuka tunailipia manispaa nyumba hii kila mwezi hadi iwe yetu, na kodi ya wale vijana wawili wa reli ndiyo iliyoziba pengo la pensheni yangu. Tulipokuzika hapa Nakuru, ndugu zako walifika kutoka Maragoli, nusu ya garimoshi. Waombolezaji hawalazwi nje. Nikawaomba wapangaji watupishe.

Baada ya siku ya kunyoa nywele kumaliza matanga, wote walirudi kwao isipokuwa ndugu yako Enosi, aliyebaki kwenye chumba cha wapangaji. Mgeni wa kawaida hupewa jembe siku ya tatu. Lakini mfiwa, nani atampa jembe? Nilipomgusia, aliweka kikombe chini: "Shemeji, unanifukuza hata kaburi la dada halijakauka?" Nikamwongezea chai.

Miezi ikapita bila malipo. Sasa wanataka kuichukua nyumba, na yote tuliyolipa yapotee. Pesa ya mandazi yako, Mama Yona. Ile mikono yako yenye alama za mafuta...

Leo asubuhi nimekwenda ofisini mwenyewe. "Mzee, kumbe upo!" karani akasema. "Mbona hukuja mapema?" Akanifafanulia. Naweza kuomba deni lisambazwe kwenye miezi ijayo, mradi nionyeshe pesa itatoka wapi. Au nimuuzie mtu haki yetu ya nyumba kabla hawajaichukua, nibaki na kitu mkononi. Kungoja tu ndiko kunakopoteza vyote. Ombi langu litasikilizwa Ijumaa. Sijui watasemaje.

Wale vijana wako tayari kurudi, ila sasa wanataka na chumba chako cha kushonea. Enosi naye nimemwambia bila kuzunguka: alale sebuleni na achangie kodi, au arudi nyumbani. Alinuna. Halafu akaibeba cherehani yako peke yake, akaiweka kando ya kitanda changu, akauliza kama kiwanda cha pareto bado kinaandika watu.

Pumzika, mke wangu. Wakubali wakatae, nakuahidi hili: karani akibisha tena, nitamfungulia mimi mwenyewe, na chai itakuwa mezani.

Mwalimu wako