Mwanao Ataondoka Lini?

Ilomba, Jumanne jioni, 1952

Miaka yote nimekuwa mke wa jumbe, sikujua mume wangu ana moyo ule.

Leo barazani aliwahimiza vijana waende kupigana vita vya Waingereza huko Malaya. "Anayekataa ni mwoga!" Ambakisye, aliyerudi kutoka vitani Burma bila mkono mmoja, akamuuliza kwa upole, "Na mwanao Anyosisye, jumbe, ataondoka lini?"

Mume wangu akaamuru akamatwe. Mtu wa mkono mmoja afungwe kamba, mbele ya wanawe! Kwa kuuliza tu.

Nikajikuta nimesimama. "Anyosisye yuko Iringa, kwa mjomba wake anayekaa Ipogolo. Baba yake ndiye aliyemficha."

Kisha tarishi yuleyule aliyemfunga akamfungua Ambakisye.

Nyumbani mume wangu ameniuliza neno moja: "Na wakimchukua mwanetu?"