Molasi ya Kisima cha Molo

Jumanne usiku

Na mimi nilikuwa tayari kuandika kwamba molasi, ule uji mtamu wa miwa, imeshindwa, tulete pampu na chujio! Tunaimwaga kisimani ili vijidudu washibe, wapate nguvu ya kula mbolea ya mashambani iliyopenya humo. Vipimo vya mbolea vya leo havijashuka hata kidogo.

Kumbe mapipa ya molasi yana maji matupu. Nikamuuliza Mama Apio, mlinzi wetu, molasi iko wapi.

"Injinia, tulikuwa na matanga. Kwani vijidudu nao wanafiwa?"

Yote wamepikia pombe ya waragi. Akanipa chupa. Nimeionja: kali, safi kabisa.

Kisima ndicho bado kichafu. Jioni nikamkuta binti wa Mama Apio akichota humo maji ya kumkorogea mtoto mchanga maziwa. Nikamfokea amwage, mbolea hiyo huua watoto wachanga.

Akanitazama. "Sasa anywe nini, Injinia? Waragi?"