Mfaransa Ananesa

Jumapili, 4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na pumzi yako. Sisi huku wazima wa kutosha. Mama yako goti limetulia, sasa analalamikia kitu kingine, ambacho ni mimi. Binti yako Kasuku anaongea tangu anapofumbua macho mpaka anapoyafumba, na akishalala anaendelea kidogo. Mimi ni mzima kuliko watu wote wa umri wangu, walio hai na waliotangulia.

Nakuandikia kukupa habari za Mfaransa, gari langu. Hapa mtaani watu wananunua hivi vigari vipya vigumu kama ubao wa kufulia, ukikanyaga njiti ya kiberiti mgongo unapata habari. Mfaransa wangu ana umri wa kukuzidi wewe na bado ananesa. Akiingia shimoni anapanda, anashuka, anapanda tena, anashuka, kama kitanda cha hoteli. Waliomtengeneza walijua kwamba binadamu ni nyama. Mimi niliyevusha malori mipaka saba, nikala sahani moja na maofisa wa forodha, sijapata kukalia kiti kama hiki. Shule niliiacha mapema, lakini barabara imenipa digrii mbili.

Kila asubuhi namteremsha Kasuku shuleni. Ule mteremko unaukumbuka, mwamba mkono wa kulia, hewa tupu mkono wa kushoto. Juzi kwenye kona yenye mawimbi kama bati, Mfaransa alianza kucheza. Mbele akaenda kivyake, nyuma kivyake, tukajikuta upande wa wanaopanda, na lori la mchanga mbele yetu limewasha taa. Mtu mwingine saa hizi angekuwa anasomwa redioni. Mimi nilimshika Mfaransa masikio, nikamrudisha, lori likapita karibu kiasi kwamba ningeweza kumnyoa dereva wake ndevu. Kasuku hakusema neno mpaka shuleni. Nadhani alikuwa anamsifu babu yake moyoni.

Kula vizuri, usijinyime.

Ni mimi baba yako,
Mipaka Saba


Jumatano, 14 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, na mama na goti lake. Mimi mwili sijambo. Roho ndiyo sina. Barua yako niliisomea kazini, stoo ya vipuri, nimekaa juu ya boksi la vichujio, na mpokea mizigo akaniuliza kama nimefiwa.

Baba, Kasuku hakuwa anakusifu. Yule mtoto hanyamazi akiumwa, hanyamazi akila, hanyamazi akipigwa sindano. Kama alinyamaza mpaka shuleni basi alikiona ulichokiona wewe, ila yeye hakuwa na usukani wa kushika. Nimemwacha kwenu kwa sababu hapa nalala chumba kimoja na wenzangu watatu na zamu zangu hazina mpangilio. Sina mwingine. Nikifunga macho naona lile lori.

Na kunesa siyo sifa. Nimemuuliza fundi mkuu wa gereji yetu, mtu anayelisha mabasi mkononi. Anasema springi ndiyo inayobeba gari, na shokapu ndiyo inayoikataza springi kuendelea kucheza. Shokapu ikifa, tairi linarukaruka, na tairi likiwa hewani halijui breki wala usukani. Fanya hivi. Gandamiza boneti kwa nguvu zako zote, kisha achia. Gari likipanda likatulia, mimi ndiye mjinga, nitakuomba radhi. Likiendelea kucheza, nakuomba Kasuku aende kwa miguu na watoto wa jirani kwa njia ya mkato, hata kama atachelewa, mpaka shokapu zibadilishwe.

Tafadhali baba.

Binti yako


Jumamosi, 3 Machi

Binti yangu mwoga,

Hujambo? Hapa hatujambo, ingawa mwenye barua hii ametikisika kidogo.

Barua yako niliisoma kwa sauti pale gereji, kwenye kiwanja nyuma ya duka la rangi, watu wakacheka na mimi nikacheka nao. Fundi mwenyewe hakucheka. Tunamwita Fundi Kimya. Kwake maneno ni kama meno, hayatoki bila maumivu. Nikagandamiza boneti ili nikuaibishe kwa maandishi. Mfaransa akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, mpaka muuza rangi akaanza kumpigia makofi. Fundi Kimya akalala chini ya gari, akatoka na kidole kimelowa oili na vumbi, akanionyesha, kisha akakifuta kwenye shati. Shati langu. Shokapu za mbele zilikuwa zimelia mpaka zikakauka, na za nyuma zilikuwa bado kwenye matanga.

Sasa baba yako ana akili. Shokapu mpya za Mfaransa huku hazipatikani hata kwa maombi. Ila kuna bwana mmoja jirani na soko, yeye shokapu iliyokufa anaitoboa, anaijaza oili nzito ya gia, anaiziba kwa kuchomelea, inarudi kijana. Fundi Kimya alitikisa kichwa na kwenda zake kunawa. Nikampelekea yule wa sokoni. Mfaransa akawa mgumu kama punda aliyegoma, nikajisemea kazi imeisha, nikamteremsha Kasuku kama kawaida.

Jana, kona ile ile, kitu kililia pwaa mbele upande wa kulia. Kile kidonda cha kuchomelea kilikuwa kimefumuka na oili imemwagikia tairi na breki. Nikakanyaga. Breki ya kulia ikateleza, ya kushoto ikashika, na Mfaransa akageuza uso kushoto, kule kwenye hewa. Kilichotusimamisha ni lundo la kokoto la watu wa barabara. Kasuku ndiye aliyezunguka kunifungulia mlango.

Mama yako nimemwambia tulichelewa kwa sababu ya ng'ombe. Na wewe kama ukiulizwa, ni ng'ombe.

Baba yako,
Mipaka Saba


Ijumaa, 9 Machi

Baba,

Shikamoo. Nakusalimu kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hata ugomvi huanza kwa salamu.

Kuna methali ya sikio. Nilianza kuiandika, mkono ukakataa. Naogopa kuimalizia.

Shokapu nimezipata. Zilikuwa zimekaa kwenye rafu ya mwisho kwa jirani yetu anayeuza vipuri vya magari ya zamani, zote nne, mpya, kwenye maboksi yake. Dereva wa basi la Jumatatu atazileta. Mpe Fundi Kimya, siyo yule wa sokoni, na umsomee haya. Zibadilishwe zote, usiache ya zamani upande mmoja eti bado inafaa. Zisimamishwe wima na kupampiwa kwa mkono kabla ya kufungwa. Bolti za chini zikazwe gari likiwa limesimama kwa miguu yake, siyo likiwa juu ya jeki, la sivyo mpira wake utapindika na kuchanika. Na springi za mbele, baba, zibanwe kwa vibano vyake viwili. Springi iliyobanwa ni mnyama. Hapa kwetu kuna mtu hana taya kwa sababu yake. Kasuku asiwepo karibu.

Nasubiri. Sijui kazi nyingine ninayoifanya siku hizi zaidi ya kusubiri.

Binti yako


Jumapili, 25 Machi

Mwanangu,

Hujambo, mama? Sisi wazima. Nasisitiza, wazima, kichwa changu kiko mahali pake.

Mzigo ulifika. Kasuku akabaki na bibi yake. Fundi Kimya akampandisha Mfaransa, akatoa matairi, akafungua mguu mzima wa mbele, shokapu ndani na springi imeizunguka. Kumbe alikuwa na kibano kimoja, cha pili amekiazima mtu. Alitaka kukifuata. Mimi nikamwambia kijana, nimefunga mizigo ya tani kumi kwa kamba nikavuka nayo milima, kaspringi haka kanishinde? Alinitazama sana. Kisha kwa sababu mimi ni mzee wake, akafunga kamba.

Heshima ni kitu cha hatari, mwanangu. Alipolegeza nati ya juu nilisikia kamba inalia kama mtu anayejizuia kukohoa. Fundi Kimya akanisukuma kifuani nikaanguka chali. Springi ikapita pale nilipokuwa nimeweka uso, ikatoboa bati la paa, ikaenda zake. Nikiwa chini nikaona mbingu kwenye lile tundu. Fundi Kimya akafunga gereji, akaenda kukidai kibano chake.

Kesho yake kazi ilifanyika kama ulivyoagiza. Springi tuliipata uani kwa muuza rangi, ikiwa nzima kuliko sisi. Shokapu zilipampiwa wima, bolti zikakazwa gari likiwa chini. Nikagandamiza boneti. Mfaransa akapanda mara moja, akatulia, kama mtu aliyeulizwa swali akajibu.

Tukaenda kumjaribu kwenye mteremko, mimi usukani, Fundi Kimya pembeni. Mawimbi yale hatukuyasikia. Kona zote alizikata kama bwana harusi. Tulipofika chini Fundi Kimya akasema, "Mzee, simama."

Nikasimama.

"Yule wa baiskeli ulimwona?"

Nikamuuliza baiskeli gani.

"Tuliyempita. Kushoto. Ameruka mtaroni."

Nikamwambia jua lilinipiga machoni. Akainua uso, akatazama mawingu.

Ni kijana mwoga kama wewe, mngeoana mngelala chini ya kitanda. Shule zimefungwa, zikifunguliwa namteremsha Kasuku mwenyewe, kwa heshima zote.

Baba yako,
Mipaka Saba


Jumamosi, 31 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Nashukuru mko wazima, na ninamshukuru huyo kijana kwa mkono aliokusukuma nao.

Miezi miwili nimeogopa gari. Nilidhani likipona na mimi nitapona. Sasa gari limepona, na ninachokiogopa ni wewe, baba yangu mzazi, na sijui mtoto anaandikaje sentensi kama hiyo. Mpe mama funguo. Nenda hospitali ya macho. Nakuomba kwa siku zote ulizonibeba mgongoni.

Binti yako


Ijumaa, 20 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Shule zimefunguliwa. Dereva wa basi aliyepita huko anasema ameona gauni la Kasuku limeanikwa kambani, limelowa. Nimelishukuru lile gauni.

Niandikie hata matusi.

Binti yako


Jumapili, 29 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Kasuku hajambo, mama yako hajambo. Nimeanza na wao kwa makusudi.

Barua yako ya funguo ilinipandisha nyongo. Nikaiweka mfukoni, na siku moja kabla ya shule kufunguliwa nikamchukua Mfaransa peke yangu nikuonyeshe. Niliteremka taratibu. Shokapu ni nzuri, mwanangu, uliteua vizuri. Usukani ulitulia mkononi. Hakuna kilichoruka, hakuna kilichonesa. Nilikuwa nimeanza kuimba.

Nikasikia kitu kimegonga kioo cha pembeni, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Nikasimama. Nyuma yangu mwanamke amekaa ukingoni mwa barabara, kikapu chake kimeshuka bondeni, viazi vinabingirika. Kioo kilikuwa kimemchukua kikapu begani. Mgongoni alikuwa na mtoto. Hakuumia, wala mtoto hakuumia. Hakunitukana. Alikuwa ananitazama tu, anaushika mkono wa mtoto, anauachia, anaushika tena.

Na mimi sikumwona, mwanangu. Barabara ilikuwa nyeupe, mchana kweupe, na pale alipokuwa palikuwa na barabara tupu.

Gari nililiwekea jiwe chini ya tairi nikaliacha pale. Nilimsindikiza yule mama mpaka kwake, kisha nikaenda nyumbani kwa miguu. Fundi Kimya alikwenda kulichukua.

Hospitali nimekwenda. Walinikalisha mbele ya mashine, niangalie katikati, nibonyeze kitufe kila nikiona kitaa. Nilipomaliza nikamwambia daktari mashine yake ni mbovu, vitaa vya pembeni haviwaki. Akaniambia vinawaka, mzee. Ni presha ya macho. Pembeni pameshakufa, hapafufuki. Nimepewa matone ya kulinda kilichobaki.

Usiku naweka matone, halafu nanyoosha mikono kama mtu anayetaka kukumbatia, naangalia vidole vinapotea wapi. Sijamwambia mtu hili. Vinapotea mapema.

Kasuku anaenda shule na watoto wa jirani. Funguo anazo mama yako.

Baba yako


Jumapili, 8 Julai

Mwanangu mpendwa,

Hujambo, na zamu zako hazijambo? Huku tuko hai, na baada ya wiki hii hilo siyo neno la kupita tu.

Kaa chini. Mama yako ana leseni. Amefundishwa na Fundi Kimya, ambaye kwa kazi hiyo ilibidi azungumze, na mtaa mzima ulikuwa unakwenda uwanjani kumsikiliza. Mimi nilikatazwa kufika kwa sababu nilikuwa natoa ushauri. Goti lake anasema halimsumbui kwenye klachi, linamsumbua jikoni tu.

Juzi alituteremsha kwa mara ya kwanza, Kasuku kiti cha nyuma na mkoba wake wa shule, mimi kando ya Kasuku. Mimi sijapata kukaa nyuma ndani ya Mfaransa, sikujua hata mkanda unafungwa vipi. Tulipofika juu ya mteremko nilijua kila kona inakuja wapi, na sikuwa na kitu cha kushika. Mikono ya mama yako ilikaza usukani kama anakamua blanketi. Nilitaka kumwambia apunguze gia. Nilitaka kumwambia kuna lori. Sikujua kama kweli liko ama nimelisikia tu.

Kasuku alikuwa anaongea, mwamba ule, mbuzi wale, mtu wa baiskeli huyo, bibi mpishe. Kwenye ile kona akaacha. Nikamgeukia nikidhani ni hofu imemrudia. Kumbe alikuwa ananitazama mimi. Akauchukua mkono wangu akauweka magotini kwake.

"Babu," akaniambia, "fumba macho. Tukifika nitakwambia."

Nikafumba.

Baba yako