Gari Nililolitazama Juu Tu

Bagamoyo, Jumapili, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu Athumani,

Shikamoo kaka. Meli ikichelewa kufika Lindi usinidhanie nimekusahau, ni mimi niliyechelewa kushika kalamu. Mama hajambo? Mguu wake umepungua uvimbe, au bado anakataa kuukanda mpaka umlazimishe? Wanao hawajambo? Sisi huku miili ni mizima, alhamdulillahi. Shemeji yako Zuhura anakusalimu sana. Mtoto ameota meno mawili na anamuuma kila anayempakata, ukija ataanza na wewe.

Mpaka hapa msomee Mama. Kisha kunja barua uitie mfukoni, mwambie imekwisha. Yanayofuata yasome peke yako, na ukishayasoma, tafadhali kaka, usiniandikie kwamba ulinionya. Najua ulinionya.

Nilikueleza mwaka jana kwamba mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, ameuza shamba lake la minazi la Kaole. Sikukueleza sababu. Mumewe, baba yake Zuhura, alishikwa na maradhi ya kifua, akapandishwa juu ya lori la mkaa kupelekwa hospitali Dar es Salaam, na roho ikamtoka Kerege, amelala juu ya magunia, jua likimpiga usoni. Bi Mwanahawa alikuwa amekaa pembeni yake akimkinga kwa kanga. Tangu siku hiyo alisema hatakubali mgonjwa wa mtaa wetu apelekwe Dar kama mkaa. Alitaka gari. Na si gari la kubeba samaki, alitaka gari lenye kiti kirefu cha nyuma ambacho mtu anaweza kulala akanyoosha miguu. Kwenye harusi lingekodiwa, lilipe mafuta yake, na wagonjwa wangebebwa bure.

Ikawa Mzungu mmoja, meneja wa shamba la mkonge, anarudi kwao, na gari lake analiuza. Ulijue gari lenyewe kaka: jeusi, refu, viti vya ngozi, mbele mbao zimepigwa msasa mpaka unajiona. Milango yake ukiifunga haipigi kelele, inasema "pu" tu, taratibu. Bi Mwanahawa akaniita barazani akaniambia, "Baba, fundi wetu ni wewe. Twende ukalitazame. Ukisema ndiyo, nami nasema ndiyo."

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliposikia nakwenda na mama mkwe kwa Mzungu, nilivaa kanzu. Kanzu nyeupe, ile ya Idi, na kofia ya viua, na ndani msuli. Zuhura alinipulizia na marashi. Nimekwenda kununua gari kama naenda kuoa mara ya pili.

Tulipofika, gari limewekwa mbele ya nyumba inayotazama bahari, hatua chache tu kutoka mchangani. Nikafungua boneti. Nikachovya kidole kwenye oili nikakinusa. Nikalitia moto, nikaenda nyuma kutazama moshi: hauna rangi. Nikapiga tairi teke, nikazungusha usukani, nikawasha taa, nikazima. Niliposhika injini kabla ya kuiwasha ilikuwa na joto, na ilikuwa asubuhi. Nilijua maana yake. Gari linaloamshwa kabla mnunuzi hajafika lina neno la kuficha. Ulinifundisha mwenyewe, kwenye gereji ya shamba la mkonge huko Lindi, kwamba injini ukutane nayo ikiwa baridi. Tena ulisema gari la bara linakuja na vumbi na gari la pwani linakuja na chumvi, na vumbi hupanguswa.

Basi ilibaki kulala chini. Kaka, sikulala. Mama mkwe wangu alikuwa amesimama hatua tatu, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, na mimi mbele yake nivue kanzu, nibaki na fulana na msuli, nijitupe chini chali, miguu nje? Mbele ya mkwe wangu, ambaye hata nikila sili mbele yake? Nikaona haya. Nikainama kidogo tu, nikatazama kwa jicho moja, nikaona weusi wa lami, nikasema moyoni, meneja huyu analitunza gari lake, amelipaka lami. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, nami siku ile niliuficha wangu vizuri sana.

Bi Mwanahawa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Litadumu, baba?"

Nikamjibu, "Mama, gari hili litatuzika sote."

Ndivyo nilivyosema. Neno limetoka mdomoni mwangu mimi, hakuna aliyenilazimisha.

Miezi minne lilikuwa raha tupu. Tulibeba maharusi wawili, tukampeleka Dar mwanamke aliyeshindwa kujifungua, akarudi na pacha, mtaa mzima ukapiga vigelegele. Watu wakaniita Salum wa Gari, nikatembea kifua mbele. Halafu mlango wa nyuma ukaanza kugoma. Gari likiwa tupu unafunga vizuri. Akikaa mtu nyuma, haufungi, mpaka uuinue kwa mkono. Wewe unajua tayari, nakuona unatikisa kichwa. Mimi nilijifanya sijui kwa siku tatu. Nikatia mafuta bawaba. Nikalaumu mpira.

Siku ya nne nilisubiri wanawake waende kwenye maulidi, nikalala chini yake. Nikagusa chesisi kwa bisibisi. Bisibisi ikaingia mpaka kwenye mpini, kama umechoma muhogo uliooza. Chumvi imeula ule mgongo wa gari wote, upande wa kushoto, kutoka chini ya kiti cha dereva mpaka kwenye springi za nyuma, ndiyo maana akikaa mtu gari linazama na mlango haukutani. Palipotoboka pamejazwa matambara ya gunia na saruji, kaka, saruji! kisha pakapakwa lami juu. Sijui kama ni Mzungu mwenyewe au ni dereva wake. Nimelala pale mpaka shingo ikakakamaa. Nililia, sikufichi.

Sikumwambia mtu. Nilisema dinamo imekufa na vifaa vimeagizwa kutoka Dar. Nikalifunika kwa makuti bandani. Kila asubuhi Bi Mwanahawa anamtuma Zuhura aniulize, "Vifaa vimekuja?" nami najibu bado. Mzee mmoja jirani akashikwa na tumbo, wakaja kubisha hodi. Nikasema gari bovu. Wakampandisha lori. Alipona, Mungu alinisitiri, lakini mimi nilimwona Bi Mwanahawa amesimama mlangoni akilitazama lori mpaka likapotea.

Sasa sikiliza lililotokea juma lililopita.

Akaja mfanyabiashara kutoka Chalinze. Ana duka pale njia panda, amesikia habari za gari letu, analitaka la kupeleka abiria wake wakubwa Morogoro na kurudi. Nikamwambia Zuhura amwambie mama yake. Majibu yakarudi upesi: auziwe. Maana yule aliyenunua minazi yetu ya Kaole alikuwa radhi kuturudishia shamba lote ikiwa tutamrudishia fedha zake kabla ya mvua, na mtu wa Chalinze angetupa za kutosha. Unaona, kaka? Mkwe wangu angepata minazi yake. Mimi ningepona. Nilitakiwa kufunga mdomo tu, na kufunga mdomo nilikwisha kuzoea.

Akaja asubuhi, mtu mzima, mpole, amevaa kanzu safi kuliko yangu ya siku ile. Akalizunguka gari. Akagusa ngozi. Akafungua mlango, akaufunga, "pu," akacheka kwa furaha kama mtoto. Bi Mwanahawa alikuwa barazani kwake, kanga usoni, akitusikia. Nilikuwa nimelitia moto mapema, injini imeshachemka. Naam, mimi. Nimefanya yale yale niliyofanyiwa.

Akanigeukia. "Fundi," akasema, "kuinama siwezi, mgongo wangu mbaya. Nakuuliza wewe. Lingekuwa lako, ungewapakia wanao uende nao Morogoro?"

Nilitazama chini. Naapa kaka, neno "ndiyo" lilikuwa limefika kwenye meno. Nikainua macho kidogo kumtazama mama mkwe, jambo ambalo silifanyi, nikakuta naye ananitazama. Tukatazamana. Halafu akasimama, akavuta kanga yake, akageuka akaelekea ukutani, mgongo wake kwetu, akabaki hivyo hivyo. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Nimegeuka, baba. Fanya kazi yako."

Nikavua kanzu. Nikalala chini. Nikamwita yule mzee achuchumae kadiri awezavyo, nikachoma bisibisi mbele yake, saruji ikamwagika kifuani pangu. Aliponyanyuka aliniambia, "Mungu akulipe," akanipa mkono, akaenda kungoja lori la kurudi Chalinze. Bi Mwanahawa hakugeuka mpaka nilipovaa.

Usiku Zuhura aliniletea maneno ya mama yake. Alijua. Yeye ndiye anayekaa nyuma, mlango uliogoma ni wake. Na zaidi ya hayo, alisema hata siku ile kwa Mzungu aliona kwamba sikulala chini, na alifikiri kugeuka ili anipe nafasi. Hakugeuka. "Mwambie," alisema, "sikutaka Mzungu akuone fundi. Nilitaka akuone mkwe wangu." Zuhura alipomaliza kunieleza alilia, kisha akanipa mgongo akalala. Tangu siku hiyo hajanisemesha ila kwa habari za mtoto.

Basi shamba limekwenda, kaka. Yule aliyelinunua ameanza kuangua nazi zetu na kuzigawanya kwa vibarua wake. Gari lipo bandani, kuku wanataga kwenye kiti kile kirefu. Nimekata tamaa. Nikipita mtaani naona kila mgonjwa ananitazama mimi. Nimewaza kutoroka, nije huko Lindi, nianze upya chini ya mkono wako, lakini nitamwachaje mwanamke aliyegeukia ukuta kwa ajili yangu?

Nakuomba jambo moja. Huko nyuma ya gereji ya mkonge, palipokuwa na magari mabovu, paliachwa lori dogo lisilo na injini. Chuma chake kilikuwa kizito, na ijapokuwa Lindi ni pwani, shamba lile liko bara, mbali na chumvi. Nenda ukalitazame. Lala chini yake, wewe huna mkwe huko. Pima mgongo wake kutoka ekseli hadi ekseli, uniandikie urefu kwa kamba utakayoikata na kuitia ndani ya bahasha. Nikiona unafaa nitaukata wa kwetu, niunge huo, hata ikichukua mwaka. Wakikuambia haliuzwi, waombe. Wakikataa, waombe tena, kaka. Sina pengine pa kukimbilia.

Mama mbusu mkono, mwambie nakula vizuri. Msalimie shangazi anayetuuzia vitumbua, na mwalimu wetu wa chuo cha Kurani, aniombee bila kuuliza sababu. Msalimie na yule rafiki yangu wa gereji aliyekuwa akinitania kwamba nalala chini ya gari kama mtu aliyekufa. Mwambie hana haja tena ya kunitania. Shemeji yako angekusalimu mara ya pili, lakini sijamwambia kwamba nakuandikia.

Ndugu yako anayekutegemea,
Salum

Nimeifungua tena bahasha, gundi haijakauka. Sasa hivi nimepita sokoni nikamwona Bi Mwanahawa amechuchumaa mbele ya fungu la nazi. Katika umri wake wote hajawahi kununua nazi. Alikuwa anainua moja moja, anaitikisa sikioni, anaiweka chini, anachukua nyingine. Muuzaji akamwambia, "Bibi, zote nzuri." Akaendelea kutikisa.