Bikira Maria Juu ya Diski

Ijumaa jioni, Katindo. Mvua ya mchana imelaza vumbi jeusi, umeme upo, nami nina furaha nisiyojua niiweke wapi. Acha niandike.

Wiki hii yote nimepigana na kompyuta ya Mama Vumilia. Huyu mama si wa damu yangu, lakini nilipokimbia kutoka kwetu Kalengera na begi moja, yeye ndiye aliyenipa kitanda na sahani bila kuniuliza nitakaa hadi lini. Anadarizi nguo za harusi kwa mashine aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mashine hiyo haitii kompyuta yoyote ya kisasa. Inataka lile dude zee la kijivu, zito kama gunia la viazi, na maua yote aliyochora marehemu yamo ndani ya diski yake.

Jumatatu dude liliwaka, likasema halioni diski.

Bila diski hakuna maua, na bila maua mama hana kazi. Nilianza na kadi inayoiongoza diski: nikaichomoa, nikayasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha shule, vumbi la lava likatoka kama unga wa makaa. Nikabadilisha waya. Bure. Juzi ndipo nikagundua kwamba betri ndogo ya ndani imekufa, na kompyuta hizi za zamani zikikosa betri husahau diski yao ni ya namna gani. Ukiweka betri mpya, lazima uiandikie tena tarakimu za diski, nazo ziko kwenye lebo iliyo juu yake.

Juu ya lebo kulikuwa na Bikira Maria.

Picha nzima, imebandikwa kwa gundi ya fundi viatu! Marehemu aliibandika baada ya volkano, walipolikuta dude nyumbani likiwa zima. Hawa Wakatoliki wa Bukavu, jamani. Sisi walokole hata sanamu ukutani hatuna, nami nikasema haraka haraka kwamba nitaikwangua kwa kisu.

"We mutoto, hauogope Mungu?" mama akaniambia. "Papa ya batoto njo alibandika hii na mikono yake."

Nikakirudisha kisu kwenye kisanduku cha vifaa. Jana nilishinda nikibahatisha tarakimu mpaka kichwa kikaniuma. Vitambaa vya harusi ya Jumapili vilikuwa mezani, vyeupe, vitupu. Mama alivikunja, akavikunjua, akavikunja tena, na hakunilaumu hata kidogo.

Leo asubuhi nilimkuta amejifunga kilemba kama anayekwenda misa. Alikuwa ameazima mashine ya kukaushia nywele kutoka saluni ya jirani. Akapiga ishara ya msalaba, akaipuliza picha joto pembeni, akaanza kuivuta polepole. Hakuniruhusu kuigusa.

Ikatoka nzima. Ila tarakimu ya mwisho ilitoka nayo, imeng'ang'ania gundi. Basi tukaiinua picha dirishani, mwanga ukapita, tukaisoma ile tarakimu mgongoni mwa Bikira Maria. Tulicheka mpaka mama akakaa chini.

Nikaandika tarakimu zote. Dude likanguruma, likasitasita, kisha maua yakaanza kujitokeza kwenye kioo. La kwanza kabisa linaitwa VUMILIA.

"Hilo njo alianzaka nalo," mama akasema, akaweka kiganja juu ya kioo, akalia kidogo.

Asante Mungu. Asante kwa marehemu ambaye sikumjua, na kwa gundi yake mbaya. Maua yote nimeyanakili pahali pengine, na tarakimu nimeziandika kwa kalamu nene ubavuni mwa dude. Nilipoingia chumbani kuandika haya, mashine ilikuwa inadarizi.

Picha hakuirudisha kwenye diski. Aliibandika juu ya kisanduku changu cha vifaa, akaikandamiza kwa kidole gumba. "Sasa ikulinde weye."

Sijaibandua. Jumapili nikienda na kisanduku kanisani kufunga vipaza sauti, mchungaji akiiona ataniuliza ni ya nani.

Nitamwambia ni ya mama yangu.