Baba, Nyumba ya Wageni Wameivunja

Baba yangu mpenzi,

Wameivunja. Nakwambia mapema kwa sababu hukupenda kuzungushwa.

Ulikuwa ukinishika mkono pale Old Kampala na kunionyesha nyumba yako ya wageni kwa majivuno: mlango katikati, madirisha marefu sawasawa kila upande, ngazi ya mvule, na juu yake roshani ya mbao inayotazama barabara. "Fundi Mhindi aliyeijenga hakupenda upendeleo," ulisema. "Nzi akitua kulia, mwingine atue kushoto." Nilikuamini, nikawa nawahesabu nzi.

Wakati wa vita uliiokoa wewe. Waporaji walikuwa wameingia, mmoja amemkaba Mama shingo. Ulitoka roshanini na shuka kiunoni, ukanguruma: "Lala chini wote! Mikono kichwani!" Wakalala. Kampala hii Kiswahili ni cha jeshi. Nani angejua kwamba sisi tumekirithi kwa wachuuzi wa pwani, na nyumbani tunakitumia kuombana chumvi? Ulimpiga teke aliyemkaba Mama, wengine wakakimbia bila viatu. Mama, Muganda wa Kawempe aliyejifunza lugha hiyo kwako, alicheka mpaka akatapika.

Sasa ndugu yako amekiuza kiwanja bila kutuambia. Tajiri aliyenunua akaja na tingatinga na vijana wenye nyundo na marungu, Mama akiwa bado juu, miguu imevimba, hawezi kushuka haraka. Tingatinga likang'oa madirisha yote ya kulia, nyumba ikabaki kama mtu aliyepigwa ngumi ya jicho. Nilipandwa na hasira. Nikatoka roshanini, nikanguruma kama wewe: "Zima mashine! Lala chini!"

Vijana walilala kweli. Lakini mlinzi wa tajiri alikuwa na bunduki, na aliogopa kuliko wote. "Mujeshi iko juu!" akapiga kelele, akafyatua. Risasi ilinikosa, ikamwingia begani Mama, aliyekuwa amejikongoja hadi mlangoni nyuma yangu. Nilishuka nikamrukia yule mlinzi, nikamng'ata mkono mpaka akaiachia bunduki. Vijana wakanivunja vidole kwa marungu. Majirani walipomtoa Mama kwa blanketi, tingatinga lilirudi kazini hata kabla hatujafika barabarani.

Nina hasira, Baba. Na ndugu yako, na yule mwoga, na wewe pia kidogo, kwa kufa.

Mama amepona. Tunaishi kwa dada yake Kawempe. Juzi nilimuuliza, kama tulivyozoea, "Mama, umeamkaje?" Alijikunyata kitandani, akafunika kichwa kwa mikono.

"Mwana wange," akasema, "hiyo lugha ya bunduki hapana ongea tena mu nyumba hii."

Tangu hapo naongea naye Kiluganda tu. Kiswahili chetu kimebaki kwangu peke yangu, na mtu wa kukizungumza naye ni wewe, ambaye hujibu.

Naishia hapa, vidole vinauma.

Binti yako