Pole Kabla ya Msiba

Nyumbani,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi tunapumua, tunashukuru. Ila mimi nimechoka, Dada, nimechoka hasa. Wiki hii nimechoma watu arobaini na wawili, na hakuna aliyeniaga akicheka.

Najua unangoja habari za mkono wa Mama. Daktari wa upasuaji alikataa kuugusa bila kipimo changu, naye Mama, baada ya kuchomwa mara moja tu mwezi uliopita, aliapa hatarudi. "Heri nisishike mkasi tena," alisema. Fundi cherehani wa miaka thelathini! Iliniuma, maana aliyemchoma ni mimi.

Kazi yangu unaijua: natia sindano nyembamba kwenye msuli, mashine inasikiliza kama neva bado iko hai. Mtu akijikaza, anaumia zaidi na mashine haisikii vizuri. Nimejaribu maji ya vuguvugu, sindano ndogo zaidi, kuisogeza kidogo kidogo. Wapi!

Kumbe kosa lilikuwa mdomoni mwangu. Miaka yote hii, kabla ya kuchoma husema, "Pole." Nikishatamka tu, watu wanakunja uso, vidole vinakakamaa. Nilikuwa nawapa pole kabla ya msiba.

Jumanne nilimbembeleza Mama mpaka akaja, nikamwahidi kwamba akisema "basi," naacha. Pole sikuitamka. Niliivuta ngozi, nikamwambia akohoe, na alipokohoa sindano ikaingia. Kisha nikamuuliza mkono wa gauni unaungwaje begani. Alinifundisha kwa ukali, unamjua, huku mkono wake umelegea kabisa. Nilimaliza misuli mitatu, na neno "basi" halikumtoka.

"Ushanichoma?" akauliza.

Neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono, haijafa. Atapasuliwa mwezi ujao, na daktari anasema mkasi ataushika tena.

Nilipokuwa nampangusa kwa pamba, aliniangalia macho yangu yalivyokuwa mekundu kwa uchovu. "Pole, mwanangu," akasema. Nilikakamaa mwili mzima, Dada, kisha nikalia pale pale, na mgonjwa wa kumi na mbili anangoja mlangoni.

Nisalimie Shemeji, na umbusu yule kitindamimba wenu mtundu. Mungu awajalie usingizi mnono, na ukibaki mnitumie.

Mdogo wako anayekupenda hata akiwa hoi,
Mwiba, kama ulivyonibatiza